Saa ya Mzee Haruna Niliyoikata

Jumamosi. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika, na tangu saa tatu jua limechoma kana kwamba mvua haikuwahi kunyesha. Matope ya mtaa wetu wa Mutakura yamekauka juu ya viatu vyangu vyeupe vya kazi. Leo sikupaswa hata kuvivaa. Leo ni siku yangu ya mapumziko, ya pekee wiki hii.

Nimechoka na saa. Sisemi masaa ya kazi. Saa moja tu, ya mkononi, ya Uswisi, nzito kama kufuli, ambayo si yangu na wala sikuitaka.

Niandike tangu mwanzo. Labda hasira itapungua nikifika katikati.

Alhamisi ya wiki iliyopita walimleta Mzee Haruna kwenye kliniki ya Kigobe ninapofanya kazi ya uuguzi. Mzee Haruna anajulikana. Zamani alikuwa na malori ya kuleta mizigo kutoka Dar, leo ana maduka mawili ya vipuri vya magari ambayo binti yake Rukia ndiye anayeyasimamia. Asubuhi hiyo alikwenda Gasenyi kuangalia nyumba anayojenga. Mafundi walikuwa wanashusha mabati ya zamani, na chini ya mabati kulikuwa na nyuki.

Walimuuma shingoni, masikioni na mkono wa kushoto. Alifika kwetu midomo imevimba, sauti hakuna, presha inashuka. Daktari alishughulika na pumzi yake. Mimi nilibaki na mkono. Ulikuwa umejaa kama mkate, na ile saa yake, yenye mkanda wa chuma, ilikuwa imezama ndani ya nyama. Vidole vilianza kuwa vyeusi.

Nilijaribu kuufungua mkanda. Mungu anajua nilijaribu. Kifungio chake kina vidude viwili vya kubonyeza, kimoja kila upande. Nilivibonyeza kwa vidole gumba, nikavibonyeza kwa ncha ya kalamu. Havikusogea.

"Toa hiyo saa, Jakline," daktari alisema bila kugeuka.

"Haifunguki."

"Basi kata."

Mlinzi alileta koleo ya kukatia waya kutoka chumba cha jenereta. Nilipitisha kijiti cha kuangalizia koo kati ya chuma na ngozi ili nisimjeruhi, nikakata. Mara ya kwanza haikuingia. Mara ya pili ilikwaruza. Mara ya tatu pingili moja ya mkanda ilivunjika na ya jirani yake ikapinda. Nilisimama pale nikaangalia vidole vya mzee vikirudi kuwa na rangi ya mtu, kimoja kimoja, na nikajisemea kwamba hii ndiyo kazi niliyosomea.

Jioni alianza kuongea. Neno lake la kwanza kwangu:

"Saa yangu iko wapi?"

Nilimwonyesha. Ilikuwa kwenye sahani ya vifaa, juu ya pamba. Aliiangalia kwa muda mrefu, halafu akaniangalia mimi kama mtu aliyemkuta mwizi chumbani kwake.

"Umeikata kama kamba ya mbuzi," akasema. Akageukia ukutani.

Tangu siku ile maisha yangu ni Rukia. Amekuja kliniki mara nne. Ananitumia ujumbe wa sauti asubuhi kabla sijapiga mswaki. Madamu Jakline, ile saa baba aliinunua mwenyewe, kwa jasho yake. Madamu Jakline, baba hali chakula vizuri juu ya ile saa. Madamu Jakline, nyinyi waganga munasomeaka wapi? Sauti yake haipandi. Angekuwa anapiga kelele ningemjibu.

Halafu direkta, mkuu wa kliniki, akaniita. Familia ile ni wateja wa siku nyingi, akasema, watoto na wajukuu wote wanatibiwa kwetu. Kliniki itamlipa fundi. Kazi yangu ni kumtafuta huyo fundi, kuirudisha saa mwenyewe hadi nyumbani, na kuomba msamaha.

Nikamuuliza: msamaha wa nini? Wa vidole?

Akaniambia nisifanye mambo yawe magumu.

Basi leo nimeamka nikaifunga saa ndani ya kitambaa, nikaiweka kifuani kwa sababu siuamini mkoba wangu, nikatoka. Mabasi hayakuwepo. Esansi, mafuta ya magari, imekosekana tena wiki hii, na watu walikuwa wamepanga mstari kituoni wakisubiri kitu ambacho kila mmoja alijua hakiji. Nikatembea.

Fundi wa kwanza ni wa hapahapa sokoni Mutakura. Anatengeneza saa, miamvuli na rimoti. Aliishika saa ya Mzee Haruna, akaipima uzito kiganjani, akapiga mluzi mdogo. Dawa yake ilikuwa kuunganisha kwa moto. Kuchomelea! Kama fremu ya baiskeli. Nilimnyang'anya kabla hajawasha kitu.

Wa pili yuko mjini, duka lenye vioo na kiyoyozi, bwana mwenye tai. Huyu hakutaka hata kuigusa kwa vidole. Aliivuta kwa kitambaa chake mwenyewe, akavaa lenzi jichoni, akasema vitu kama hivi vinapelekwa Ubelgiji. Miezi mitatu, labda sita. Nani ataipeleka? "Mutu wenu yeyote mwenye anasafiri, madamu." Nikamwambia mimi sina mtu anayesafiri. Akashusha macho hadi kwenye viatu vyangu vyenye matope, akauliza kwa adabu kama saa ni yangu.

Nilitoka bila kumjibu. Nilipofika nje nikapata jibu zuri sana, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Jua lilikuwa utosini. Nilikuwa nimekunywa chai tu. Nilisimama kivulini nikafikiria kuiacha saa kwenye meza ya direkta na kumwambia atembee mwenyewe. Mwanamke anayeuza miwani kando ya barabara aliniona na kile kitambaa, akaniuliza natafuta nini, akaniambia: nenda Buyenzi, muulize Mama Zaituni wa saa. Kila mtu atakuonyesha.

Kweli walinionyesha. Ni kibanda cha mabati ya buluu, meza moja, taa moja, na mama wa miaka kama hamsini na mitano, ushungi umefungwa nyuma ili usimwangukie kazini. Fundi alikuwa mume wake. Yeye alikaa pembeni yake miaka mingi akimpa vifaa, na macho ya mume yalipokufa, yeye akahamia upande wa pili wa meza. Mume bado yupo. Anakaa nyuma kwenye kiti, anasikiliza redio, na mara moja moja anauliza ni saa ya aina gani, anaambiwa, anatikisa kichwa.

Mama Zaituni hakupiga mluzi na hakutaja Ubelgiji. Alisema, "Kaa."

Nikakaa. Leo huo ulikuwa wema wa kwanza kufanyiwa.

Alizitoa pini mbili kwa msumari mwembamba na nyundo ndogo kama ya kuchezea, akaitoa ile pingili niliyoivunja. Akavuta kopo la maziwa lililojaa mikanda ya saa zilizokufa, akapekua, akapata pingili yenye upana unaokaribiana. Ilikuwa nene kidogo. Akaipiga tupa, akaipima, akaipiga tupa tena, akaipima tena. Ile iliyopinda aliibana kati ya vipande viwili vya mbao laini akaigonga taratibu hadi ikanyooka. Halafu akasugua yote kwa msasa laini wa maji, upande mmoja tu, bila kurudisha mkono, ili mistari ya chuma kipya ifuate mistari ya chuma cha zamani. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Nilisahau kukasirika.

Pingili mpya ukiitafuta utaiona. Usipoitafuta huioni.

"Sasa hii fermeture," akasema, akimaanisha kifungio. Akabonyeza. Hakikusogea. Akabonyeza tena, akakigeuza chini ya taa.

"Imevunjika?" nikauliza.

"Apana. Hii haikuvunjika, dada. Hii mutu ameiziba." Akachukua ncha ya sindano, akachokonoa, akatoa kitu cheusi kigumu, gundi, na ndani ya gundi kipande cha sindano ya kushonea kilichokatwa kwa urefu uleule wa nafasi iliyokuwamo. Akakiweka kwenye kiganja changu. "Angalia namna amekata. Alifanya polepole. Huyu hakutaka hii saa ifunguke."

Mume wake kule nyuma alipunguza redio.

"Niirudishe ama niitoe?" Mama Zaituni akauliza.

Nikasema aitoe. Akabonyeza, na kifungio kikafunguka kwa mlio mdogo safi, kama mtu anayepiga ulimi.

Kutoka Buyenzi hadi nyumbani kwa Mzee Haruna, hukohuko Kigobe, nilitembea kwa hasira mpya kabisa, hasira nzuri, yenye ushahidi ndani ya kitambaa. Kumbe! Mimi natukanwa siku tisa, naitwa mkata mbuzi, na kumbe yeye mwenyewe alijifunga pingu mkononi. Kama kifungio kingekuwa kizima ningeitoa kwa sekunde mbili. Nilipanga nitakachosema. Nilipanga niseme mbele ya Rukia, niangalie uso wake ukibadilika.

Rukia alinifungulia mwenyewe, simu mkononi. Hakunikaribisha, alisogea tu ili nipite. Mzee Haruna alikuwa barazani, amevaa kanzu na koti juu yake, mkono wa kushoto umeshapungua. Nikamsalimu. Akaitikia kwa sababu ni mtu mwenye adabu, si kwa sababu alitaka.

Nikafungua kitambaa. Rukia aliwahi kuichukua kwanza. Aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha ukucha.

"Hapa kuna mukwaruzo."

"Baba ndiye mwenye saa," nikasema. "Mpe."

Akampa. Mzee aliishika kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba chake, nadhani bila kufikiria, kikagusa kile kidude cha kubonyeza. Mkanda ukafunguka.

Nilikuwa nimesubiri hapo tangu Buyenzi. Kifua kilikuwa kimejaa maneno.

Lakini niliona uso wake. Hakuwa mtu aliyekamatwa kwenye uongo. Alikuwa mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

"Rukia," akasema, "mama yangu, tuletee chai."

Rukia akaingia ndani. Mzee akasubiri hadi nyayo zikapotea.

"Nani amefungua?"

"Fundi wa Buyenzi. Alikuta sindano ndani."

Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mfuko wa koti. Akautoa, akauweka juu ya goti, ili niuone. Ulikuwa unatetemeka. Kidole gumba kilikuwa kinapita juu ya vidole vingine, kinarudi, kinapita, kama kinavuta tasbihi isiyokuwepo.

"Hii saa mi nilikuwa navaa peke yangu kila siku," akasema. "Halafu huu mukono ukaanza kukataa. Asubuhi napigana na fermeture mpaka jasho inatoka. Siku moja nikasema, basi, sitaitoa tena. Nikajifungia chumbani nikaiziba. Nilimaliza mchana mzima, na huu mukono. Mukanda ni mulegevu, nikichukua udhu nausogeza, maji inapita. Hakuna mutu alijua."

"Kwa nini hukumwambia Rukia?"

"Nimwambie nini? Watoto wangu wote wanangoja neno moja tu, baba sasa pumzika. Nikishasema siwezi kuvaa saa, kesho watasema siwezi kutia sahihi." Akaniangalia. "Irudishe ile sindano, mwanangu."

"Siwezi, mzee. Nyuki wakikuuma tena?"

"Nitakaa mbali na nyuki."

Nikataka kucheka na sikuweza. Kwa sababu hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na kama shajara ina kazi yoyote, ni hii.

Mimi niliuona ule mkono.

Niliuona Alhamisi ileile nilipomtia sindano ya mshipa upande wa kulia. Nikaandika kwenye faili: kutetemeka, sababu ya dawa. Ni kweli ile dawa ya nyuki inatetemesha watu. Lakini Jumamosi ya wiki iliyopita dawa ilikuwa imeshaisha mwilini, na nilimwona akijaribu kufunga vifungo vya shati, kifungo cha tatu kinamteleza, anakirudia, kinamteleza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Rukia alikuwa ametoka kunitukana dakika tano tu kabla. Nikasema moyoni, ahangaike. Nikaenda kitanda kingine.

Nilimwacha ahangaike na vifungo vyake, mimi mwenye diploma ukutani.

Rukia alirudi na sinia. Vikombe vitatu. Changu kilikuwa kimejaa, chake kimejaa. Cha baba yake kilikuwa nusu. Mzee akarudisha mkono mfukoni haraka.

"Vaa basi, baba, tuone," Rukia akasema.

Mimi niliangalia chai yangu. Ningeweza kumvalisha ile saa mimi mwenyewe na kufanya kama ni sehemu ya kazi ya muuguzi, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Lakini mzee aliiinua saa, akaiangalia kidogo, akamnyooshea binti yake.

"Nifungie."

"Nikufungie?"

"Huu mukono mwingine haufanyi. Una mwaka haufanyi vizuri." Akautoa mfukoni, akauweka mezani kati ya vikombe. Kijiko kwenye kisahani kikaanza kulia.

Rukia alipiga magoti mbele ya kiti chake. Aliipitisha saa kwenye mkono wa kushoto, akaifunga, ikatoa ule mlio. Halafu akaushika ule wa kulia kwa mikono yake yote miwili, na kijiko kikanyamaza.

"Najua, baba," akasema kwa ile sauti yake isiyopanda. "Unafikiri kikombe chako nakijazaka nusu juu ya nini? Juu ya uchoyo?"

Mzee akageuza uso upande wa bustani. Rukia akabaki chini, na mimi nikainywa chai yote ingawa ilikuwa ya moto mno, kwa sababu sikujua niweke macho wapi.

Baadaye mzee aliniuliza, bila kunitazama, kama kuna daktari wa mambo ya mikono. Nikamwambia si mambo ya mikono tu, ni mishipa ya fahamu, na kwamba kuna daktari anakuja kwetu kila Jumanne. Nikamwambia pia kwamba zipo dawa, na kwamba watu wengi wenye kutetemeka hivyo wanaendelea na kazi zao miaka mingi. Hilo la kazi nilimwangalia Rukia nikilisema. Akainamisha kichwa kidogo. Sijui alikubali au alinisikia tu.

"Jumanne nitakuja," mzee akasema. "Mi mwenyewe. Asinisindikize mutu."

"Nitakusindikiza," Rukia akasema.

Wakaanza kubishana, nami nikaaga.

Msamaha sikuomba. Wala hawakuomba wao. Rukia alinifikisha hadi getini, na nilidhani, mjinga mimi, kwamba sasa atasema asante. Alisema: "Madamu Jakline, lakini ule mukwaruzo nitaongea na direkta wenu."

Nikamwambia aongee naye. Nikamwambia amuulize pia siku yake ya mapumziko huwa anaitumia vipi.

Akacheka. Ni mara ya kwanza namwona meno. Halafu akatoa ufunguo wa gari, akanitazama viatu, akasema lina esansi kidogo ya kufika Mutakura na kurudi, niingie. Nikaingia. Njia nzima alinieleza namna nilivyopaswa kukata ule mkanda.

Sasa nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na bado nimekasirika. Nimekasirika na direkta, na bwana mwenye tai, na kituo kisicho na mabasi. Na Rukia pia, nusu. Mzee nimemtafuta kwenye orodha hiyo nikamkosa, na mahali pake nimejikuta mimi, mlangoni, nikiangalia shati.

Zamu yangu inaanza kesho saa moja. Kabla ya kugusa kitu kingine nitafungua faili lake, nichore mstari mmoja juu ya lile neno "dawa", na kuandika chini yake nilichokiona Jumamosi ile, kwa jina langu.